Tununue Karatasi Kabla ya Fulana

Na mwanachama wa Kidato cha 3 Mashariki

Nina dukuduku langu. Limenikaa rohoni tangu mkutano mkuu wa muhula wa kwanza, ule ambao wengi wenu mliukimbia kwa kuwa kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa imelia. Waliobaki wanakumbuka hoja iliyotolewa. Ilisemwa kwamba pesa zote za ada ya mwaka huu ziende kwenye fulana za chama, zenye maandishi mgongoni, na lile kasha la karatasi, bahasha na kalamu lililo kabatini pale maktaba lisijazwe tena. Eti barua ni kitu cha mtihani. Eti ni nani siku hizi anayeandika barua na simu ziko?

Hoja haikupigiwa kura kwa sababu tulikuwa wachache. Itarudi muhula wa tatu. Basi nimeamua kusema mapema, tena kwa maandishi, maana nikisimama mkutanoni maneno hunikauka kooni.

Nianze na hili la mtihani. Ni kweli, wapenzi wasomaji, kwamba Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE huwa na maswali manne, unajibu mawili, na lile la kwanza ni la lazima. Aghalabu barua huchungulia hapo. Ndiyo maana tangu shule ya msingi tumekaririshwa anwani, tarehe, mtajo, mada na "Wako mwaminifu" hadi tunaota. Lakini hebu mwulize mwenzako kama amewahi kukunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akaandika anwani na kubandika stempu. Mimi niliuliza darasani kwetu. Tuko 52. Waliowahi ni watano, na wawili kati yao walikuwa wakiomba nafasi katika shule za bweni. Tumefunzwa barua kama mtu aliyefunzwa kuogelea kwa chaki ubaoni.

Wenzetu wa bweni angalau wanaandikiana. Simu hawaruhusiwi, kwa hivyo barua husafiri kutoka shule hadi shule zikiwa zimepambwa maua ya kalamu za rangi kila pembe, karatasi imenyunyiziwa marashi, na nyuma ya bahasha maneno ambayo mhariri hataniruhusu niyarudie hapa. Sisi wa kutwa tunawacheka. Lakini wao mkono wao umezoea kazi. Sisi mkono wetu unajua kunakili ubao tu.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili kwangu si la mzaha. Mama yangu ana mkebe wa biskuti ambao ndani yake hamna biskuti. Mna barua 43 alizoandikiwa na marehemu baba kati ya mwaka 1996 na 2001. Wakati huo baba alikuwa akifanya kazi ya kupakua mizigo Mombasa, na mama akiwa bado kwao, milimani Wundanyi. Hawakuwa wameoana. Barua zilipitia sanduku la posta la shule ya msingi iliyokuwa karibu, mwalimu akasoma majina wakati wa gwaride, na mtoto wa jirani akaipeleka nyumbani. Mama husema kila mtu kijijini alijua barua yake imefika kabla yeye mwenyewe kujua.

Niliruhusiwa kuzisoma mwaka jana (isipokuwa sita, ambazo mama amezifunga kwa uzi na kuziweka chini kabisa, sijauliza). Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliukuta mkebe huo chini ya kitanda katika nyumba iliyovuja, na maji yakaingia ndani. Ajabu ni kwamba barua hazikuharibika kwa namna moja. Baba alikuwa na kalamu ya nibu aliyoionea fahari sana, na zile alizoandika kwa wino wa chupa wa buluu zimekuwa mawingu. Unaona tu kwamba hapa palikuwa na mstari, na hapa palikuwa na mwingine. Ziko tisa za namna hiyo. Zile alizoandika kwa biro wakati kalamu yake imekauka zinasomeka zote, ingawa aliziandika kwenye karatasi zilizochanwa daftarini ambazo sasa zina rangi ya chai ya maziwa na zinakatika kwenye mikunjo. Ndani ya mkebe huohuo mna pia vipande ambavyo mama alikuwa akijaribia majibu yake kwa penseli kabla ya kuyaandika vizuri. Vipande hivyo viliroweshwa na maji yaleyale, na vinasomeka kana kwamba viliandikwa jana.

Barua moja haikuwemo mkebeni. Mama aliibandika ukutani karibu na dirisha miaka mingi, kwa sababu ndiyo aliyoombwa ndani yake aolewe. Hiyo ni ya biro. Maji hayakuigusa, lakini jua limeilamba hadi wino umebaki kivuli. Ukitaka kuisoma lazima uinamishe karatasi upande ili uone mikwaruzo iliyoachwa na ncha ya kalamu. Baba alikuwa akikandamiza sana. Nashukuru.

Mwaka 2002 alinunua simu, na barua zikaishia hapo. Mimi nilizaliwa baadaye, na baba alifariki nikiwa na umri wa miaka minne. Mama ananiambia kwamba nilipozaliwa alimtumia ujumbe mrefu sana, wa kurasa nyingi za simu, akitaja majina aliyoyataka na sababu ya kila jina. Simu ile iko kabatini. Haiwaki. Fundi wawili wamejaribu. Katika barua zote 43 naufahamu mwandiko wa baba, namna anavyofunga herufi g kama ndoana, namna anavyokosea "hivyo" na "hivo", lakini jina langu halimo hata mara moja.

Kwa hivyo mtu akiniuliza nani anaandika barua siku hizi na simu ziko, mimi huwa namtazama tu.

Tuyaache hayo, tuje kwenye wino wenyewe, maana wengi wetu tunanunua kalamu kwa kuangalia rangi ya kifuniko. Biro tunayoiita biro imepata jina kutoka kwa mtu, László Bíró, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwandishi wa habari. Alichoshwa na wino wa kalamu ya nibu uliochelewa kukauka, naye aliona kwamba ule wa mitambo ya magazeti hukauka upesi. Wino huo ni mzito, haupiti katika nibu, ndipo akatumia kigololi kidogo kinachozunguka kwenye ncha. Alipata hataza mwaka 1938, kisha akahamia Ajentina akaendelea na kazi huko. Mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa akaanza kuuza ile Bic ya plastiki angavu tunayoijua sote. Angalia ubavuni mwake utaona kitundu kidogo. Hakikutobolewa na mchwa: huingiza hewa ili wino ushuke. Na pembe zake sita huizuia isibingirike kwenye madawati yetu yaliyoinama. Aliyeibuni alifikiri.

Wino wa biro una mafuta, ndiyo sababu maji hayauwezi sana. Ule wa nibu wa buluu unaofulika umetengenezwa kwa rangi inayoyeyuka majini. Kuyeyuka ndiyo sifa yake: ukidondoka kwenye shati jeupe la shule, mama ataufua utoke. Kinachookoa shati ndicho kilichoua barua tisa za baba. Penseli nayo haina rangi yoyote ya kuyeyuka wala ya kupaushwa na jua. Ni kaboni, ndugu yake makaa. Maji hayaiyeyushi, mwanga hauifanyi lolote, adui yake ni kifutio.

Na hapa ndipo wazee wetu wa pwani walipotushinda. Wino wao mweusi ulikuwa wa masizi, yaani kaboni vilevile, na kalamu yao ilikuwa utete uliochongwa. Hata neno kalamu tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni utete huohuo. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, mwanzoni kabisa alimwita akae karibu naye, aje na wino na karatasi. Kwanza vifaa, kisha wosia. Utendi ule ulinakiliwa kwa mkono mara nyingi kabla ya kuchapwa kitabuni, na leo tunausoma. Naye Shaaban Robert, ambaye wengi tunamjua kwa riwaya na mashairi, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua tangu mwaka 1931 hadi 1958. Ndugu huyo akazihifadhi. Zilichapishwa kuwa kitabu Dar es Salaam mwaka 2002, miaka 40 baada ya mwandishi kufariki. Laiti zingalikuwa katika simu ya mtu!

Wino wa masizi nimeutengeneza mwenyewe likizo ya Aprili, wala si kazi ya ajabu. Washa koroboi, shika kifuniko cha sufuria juu ya ncha ya mwali, na masizi yatajaa. Yakwangue taratibu kwenye karatasi (usipige chafya). Hapa Voi migunga ni mingi, na baadhi yake hutoa gundi inayoganda kwenye gamba kama machozi ya njano. Loweka gundi hiyo katika maji ya uvuguvugu usiku kucha, kisha ichuje kwa kitambaa. Masizi hayapendi maji, yanaelea juu kama yanayojivuna, kwa hivyo yalainishe kwanza kwa matone machache ya spiriti, uyasage pamoja na gundi, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Gundi ikipungua, wino ukikauka utabanduka kama unga. Ikizidi, utang'aa na kukatika. Mara ya tatu nilipata weusi ambao ukiutazama unajiona umekuwa mtu mwingine. Lakini nawaonya: usiutie ndani ya kalamu ya nibu. Utaziba njia yake, na kalamu itakuwa pambo. Huo ni wa utete na brashi.

Kuna mwingine wa majani ya chai. Chemsha majani mengi, tia misumari yenye kutu na siki kidogo, uache siku kadhaa. Chuma kikikutana na ukali wa chai hutoa wino ambao unapoandika ni wa kijivu uliochoka, halafu kesho yake umekuwa mweusi zaidi. Mwalimu wetu wa kemia anaweza kueleza vizuri kuliko mimi. Wino wa jamii hiyo, wa chuma na ukali wa miti, ndio uliotumiwa Ulaya kwa mamia ya miaka kwenye vitabu na hati. Ukiwa mkali mno hula karatasi, kwa hivyo mimi huutumia kwa bahasha tu.

Utete nao uchague mkavu, wa unene wa kidole kidogo. Ukate kimshazari, ukwangue nyama laini iliyo ndani, upasue ncha katikati kidogo ili wino upate njia, kisha uikate ncha iwe bapa. Ubapa huo ndio unaotoa mstari mnene ukishuka na mwembamba ukienda kando, bila wewe kufanya lolote. Herufi ndogo zikiwa na urefu wa upana wa ncha mara tano, zinasimama vizuri. Nilipima hivyo kwa kichwa cha ubao wetu wa matangazo. Mtakumbuka kile cha mwaka jana kilichoandikwa kwa kalamu za rangi kwenye manila: muhula wa pili ulipoanza, neno KISWAHILI lilikuwa limebaki na KIS tu iliyokuwa kivulini mwa mlango. Fundi anayeandika mabango ya maduka hapa mjini alinionyesha anavyopiga uzi uliopakwa chaki ukutani apate mstari ulionyooka, na akaniambia kitu ambacho rula haitakuambia, kwamba herufi O lazima ipite mstari kidogo juu na chini, la sivyo itaonekana ndogo kuliko wenzake. Nilidhani ananitania. Nendeni mkaangalie ubao sasa.

Kuhusu kalamu za dukani sitasema mengi. Zile za jeli zinateleza vizuri na mashoga zangu wanazipenda, lakini huisha upesi, huchelewa kukauka, na aliye shoto atatembeza kiganja chake juu ya kila neno. Kalamu ya nibu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kukandamizwa. Wino unashuka wenyewe kupitia ule mpasuko, na ukiandika kurasa nne kidole hakiumi. Ila nitie wino mweusi usiofulika, basi. Mtu akiniambia ana pesa za biro moja tu, nitamwambia anunue nyeusi, aandike barua yake, na asiibandike dirishani.

Karatasi ina mambo yake pia. Kwa nini barua za baba ziligeuka rangi ya chai? Karatasi ya bei ya chini, kama ile ya magazeti, hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa ile dutu inayoushikanisha, inayoitwa lignini. Dutu hiyo ikipigwa na mwanga na hewa huwa njano, kisha hudhurungi. Jaribu mwenyewe: weka ukurasa wa gazeti juani, nusu umefunikwa kwa kitabu, na kabla wiki haijaisha utaona mpaka. Miaka ambayo baba aliandika, kiwanda cha Pan African Paper Mills kule Webuye kilikuwa kikifanya kazi, na Kenya ilikuwa ikijitengenezea karatasi kutokana na miti yake. Kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikaenda mikononi mwa kampuni ya Rai. Huwa nafikiria kwamba msonobari uliokua magharibi uliishia kubeba maneno kutoka bandarini Mombasa hadi Wundanyi.

Karatasi nzuri ya barua ni ile nyeupe ya kawaida ya A4, ya gramu 80 kwa mita mraba, ileile ya kutolea kopi. Inatosha. Ukiandika kwa nibu, wino hautambai pembeni kama mizizi, na upande wa pili hauvuji. Wanaosifu Conqueror, ile karatasi yenye mistari ya kupapasika inayouzwa mojamoja kwa ajili ya vyeti, waiache huko kwenye vyeti. Nibu inarukaruka juu yake kama matatu kwenye barabara ya changarawe. Fulskepu nayo inanikumbusha mtihani. Na kama huwezi kuandika bila mistari, piga mistari mieusi kwenye karatasi moja, iweke chini ya ile unayoandikia, itaonekana. Mama zetu walifanya hivyo.

Nimefika kwenye hesabu sasa, kwa wale wa kamati wanaosema ni gharama. Rimu moja ina karatasi 500. Sisi wanachama tuliolipa ni 40. Kila mmoja akipewa karatasi 12 kwa mwaka, yaani barua moja kila mwezi, ni karatasi 480, na 20 zinabaki za kuharibu. Bei ya rimu haifiki bei ya fulana mbili zilizochapwa. Karatasi moja ya namna hiyo ina uzito wa gramu 5, hivyo hata mwenye maneno mengi akitia tatu pamoja na bahasha, posta haitamlia pesa nyingi, kwani barua hupimwa kwa uzito. Ikikunjwa mara tatu inaingia katika bahasha ndefu. Ikikunjwa katikati na katikati tena inaingia katika ile ndogo. Biro nyeusi kila mtu anayo. Chupa moja ya wino mweusi kwa wenye nibu, ambao ni wanne, itafika mwakani. Masizi ni bure.

Fulana sizichukii. Tukienda kwenye kongamano na wenzetu wamevaa zao, nasi tumevaa sweta za shule zenye viwiko vilivyotoboka, naona haya kama ninyi. Mwenyekiti alisema fulana inakitangaza chama, na hilo ni kweli. Ila fulana itavaliwa na wale watakaoweza kuongeza pesa ya juu, ambao nimewahesabu, hawazidi 15. Pesa ya ada tulitoa sote.

Hoja nyingine, na hii ndiyo nzito, ni kwamba wengi hawana anwani. Nyumba zetu hazina namba, na sanduku la posta wanalo wachache. Aliyeisema hakukosea. Posta ilianzisha mPost, ambapo namba ya simu hugeuka kuwa anwani, lakini hapo lazima mtu alipe kujiandikisha. Mimi nasema tusianze na posta. Tuanze na barua ya mkono. Nyanya yangu kule Wundanyi hajui kusoma, na simu yake ni ile ya tochi ambayo mara nyingi imezima chaji. Nilimwandikia ukurasa mmoja, nikampa kondakta wa matatu ambaye ni mtu wa kwao, na binamu yangu wa darasa la sita akamsomea. Nimeambiwa amesomewa mara nne, na watu wanne tofauti, kwa sababu anapenda kusikia kila mtu anavyoitamka. Ujumbe wa simu ungesomwa mara moja, tena na aliyeishika simu.

Wengine watasema mwandiko wao ni wa kuku. Sawa, lakini hapo tunarudi kwenye kasha: mkono hautanyooka kwa kuvaa fulana. Na mwandiko wa baba haukuwa mzuri. Nimekwisha kuwaambia alikosea "hivyo". Mimi sasa nikiona herufi g iliyofungwa kama ndoana mahali popote, hata kwenye kibandiko cha bei sokoni, moyo hunipiga.

Kwa hivyo hoja yangu, ambayo naomba katibu aiweke kwenye ajenda kabla ya ile ya fulana, ni hii. Kasha lijazwe kwanza: rimu moja, bahasha ndefu na ndogo, chupa moja ya wino mweusi usiofulika. Kitakachobaki kiende kwenye fulana. Kila mwanachama aandike angalau barua moja kabla ya kufunga muhula wa tatu, kwa mtu aliye hai, aiweke tarehe pamoja na mwaka (baba alikuwa haweki mwaka, na mama na mimi tunabishana mpaka leo kuhusu barua tano), na aandike jina kamili la kila anayemtaja. Kamati isizisome. Ziingie katika bahasha na kufungwa.

Kura ikipigwa nikashindwa, nitavaa fulana kama kila mtu. Lakini matete nimeshayakata kule kando ya mto, yako 14, na yamekauka vizuri juu ya dari ya jikoni. Anayetaka lake anione siku ya Alhamisi baada ya michezo, aje na wembe na kipande cha kitambaa.